Bangili ya Maduhu

Jumamosi, 1 Machi 2025

Nimeshinda! Yule mnunuzi wa Mwanza amerudi kwao mikono mitupu na uso umemshuka. Nilimpungia mkono alipokuwa anapanda pikipiki. Hakunirudishia.

Ngulyati, mnada wa vitu vya marehemu mzee Bundala. Watoto wake wote wako mbali, hakuna anayetaka kubeba masanduku ya baba. Josia, mkubwa wao, yuko Geita, anataka nyumba iwe tupu kabla mvua haijakolea. Kristofa dalali alisimama juu ya kinu kilichogeuzwa, sauti imemkauka — plau la ng'ombe, redio ya betri, baiskeli bila tairi. Watu walikuja kwa ajili ya plau. Mimi na wa Mwanza tulikuja kwa ajili ya kisanduku cha bati.

Ndani: senti za tundu. Hela za Mjerumani zenyewe, zile zilizotuachia neno hela. Picha ya zamani iliyobandikwa kwenye kadi ngumu — mwanamume amesimama kando ya kiti, hacheki, mkono wa kushoto ameuleta mbele ili uonekane. Na bangili. Fedha tupu, nzito, nzima, haina mwanya, katikati imepachikwa rupia, kichwa cha Kaiza kimelika hadi pua. Ni ileile iliyo mkononi mwa yule bwana wa picha! Kitu pamoja na picha yake. Miaka yote ninayokusanya sijawahi kupata hivyo.

Bibi mmoja jirani alinong'ona kwamba wangemsubiri shangazi arudi kutoka Zagayu. Kristofa akampigia Josia, akainua simu juu watu wamsikie: uzeni kisanduku na vilivyomo. Kisha Kristofa akasema mnada haumsubiri shangazi wa mtu. Watu wakacheka. Na mimi nilicheka.

Wiki nzima nainunulia halmashauri karatasi na tairi. Jumamosi ni yangu.

Jumapili, 2 Machi

Baada ya misa nimekaa na kisanduku hadi chai ikapoa. Bangili nimeipangusa kwa kitambaa kikavu tu. Mjinga ndiye anayesugua fedha ya kale — anaiondolea umri wake.

Halafu nikataka kuona. Kuona tu. Sabuni kidogo, kidole gumba nimekikunja ndani, nikasukuma. Ikaingia. Maumivu ya kutoa machozi, lakini ikaingia. Nikasimama mbele ya kioo kama bwana wa picha, mkono mbele. Nilipendeza, nisijidanganye.

Haitoki.

Jenifer kanisikia nikigombana nayo bafuni. Yeye ni nesi, amepanga upande wa pili wa nyumba hii, geti letu moja. Kajaribu mafuta ya kula, kajaribu uzi, kajaribu kuning'iniza mkono juu. Wapi. Akasema ikatwe. Nikamwambia afadhali aukate mkono. Akacheka. Mimi sikuwa natania sana.

Jumatatu, 3 Machi

Mkono umevimba. Nimevaa mikono mirefu ofisini, joto la kufa mtu. Bosi wangu Gregory kaniuliza kama nina malaria.

Jumanne, 4 Machi

Kuna mgeni leo. Nimetoka kazini nikamkuta ameketi kwenye tofali nje ya geti, viatu kavua, kaviweka pembeni kama yuko mlangoni mwa kanisa. Akanisalimu kwa Kisukuma: mwadila, mayu. Nikaitikia. Anaitwa Milembe, dada wa marehemu Bundala. Ndiye shangazi wa Zagayu. Kristofa kamwelekeza.

Kiswahili chake kizito, lakini nimemwelewa kila neno. Bangili ile si ya Bundala. Ni ya baba yao, Maduhu. Bundala aliivaa, na alipofariki ilikuwa aitunze yeye, dada mtu, mpaka mzee mwenyewe aonyeshe mkono anaoutaka. Alikwenda kuuguza Zagayu, akajua atarudi aikute. Watoto wa siku hizi wameiuza pamoja na senti. Sasa mjukuu wa Bundala, mtoto wa miaka mitatu, Maduhu kwa jina la babu huyo huyo, amechemka homa tangu Ijumaa. Mganga kasema babu anaulizia kitu chake. Mtoto hatoki nyumbani mpaka kipatikane. Akasema ana mtamba. Nikitaka tuongozane leo hii nikamchukue, ng'ombe kwa bangili.

Wakati wote huo mkono wangu ulikuwa chini ya kanga.

Nikamwambia: subiri kidogo, mama, kwanza nitaangalia kwenye vitu vyangu, nitampigia Kristofa. Akashukuru, wabeja, wabeja sana. Akavaa viatu vyake, akaondoka.

Kwa nini nilificha? Aibu, ndiyo — mtu mzima, afisa wa serikali, amenaswa na bangili ya marehemu kama panya. Lakini si aibu peke yake. Niliogopa akiiona ataniomba, na akiniomba nitalazimika kutoa. Niliitaka. Bado naitaka, hata sasa inavyonibana.

Jumatano, 5 Machi

Majivu. Nimepokea na mimi, mkono wa kushoto nimeufumbata kwenye mtandio.

Kwaresima hii nimefunga minada. Mfungo rahisi — nilichokitaka ninacho.

Jioni nimemsimulia Jenifer. Nilidhani atacheka. Aliacha kuchambua mchicha, akauliza mtoto ana homa siku ya ngapi, anakula, anakojoa? Nikasema sijui. Akasema mtoto wa hivyo hasubiri bangili wala mganga, niende nikawaambie. Nikamwambia kesho tuna safari ya kazi Mkula, Jumamosi nitakwenda. Akarudia mchicha wake.

Alhamisi, 6 Machi

Mkula. Kupokea madawati. Yamepungua, wamesema yaliyobaki yako njiani. Nimerudi nimechoka. Mkono unauma hadi kwenye kiwiko.

Ijumaa, 7 Machi

Kristofa kapiga. Anasema bibi Milembe ameketi kibarazani kwake tangu asubuhi, hataki chai, hataki kitu. Mtoto hali tena, analala tu. Kristofa si mtu wa huruma, lakini sauti yake leo ilikuwa ya chini. Kauliza: hiyo bangili unayo au huna?

Nikasema ninayo. Akauliza kwa nini sikumwambia bibi wa watu. Nikakata simu. Baadaye nimempigia mwenyewe: anifuate kesho asubuhi na pikipiki yake.

Kwa nini si leo? Mvua imenyesha, bodaboda wanaikataa ile njia. Hiyo ni kweli. Ni kweli pia kwamba sikumbembeleza hata mmoja.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya Wanawake. Wenzangu wameandamana mjini. Mimi nilivaa sare yao ile ile, gauni la kitenge lenye maandishi kifuani, ili nikirudi mapema niwakute. Sikurudi mapema. Niandike yote, vinginevyo kesho sitaamini.

Kristofa kanifikisha Ngulyati matope hadi magotini. Ua umejaa watu wamekaa kimya. Milembe alikuja, nikafunua mkono. Nikamwambia imenasa, mama, nisamehe, haitoki. Nikampa na picha, angalau picha.

Alivuta bangili kidogo. Akaacha. Akaangalia picha ya baba yake, akaangalia mkono wangu. Kushoto, kushoto. Kisha yule bibi akapiga magoti kwenye tope, akanisalimu.

Mwangaluka, babu.

Na wengine wote nyuma yake, wazee, wanaume wenye fimbo zao: mwangaluka, babu. Mimi! Harieth wa Muleba, na gauni la Siku ya Wanawake. Picha Milembe kanirudishia kwa mikono miwili. Kristofa kaninong'oneza sikioni, naye alikuwa ameanza kuogopa: bangili hiyo hukaa kwenye mkono inaoutaka. Ikikataa kutoka, basi ni mzee mwenyewe ameketi. Kuikata ni kumkata yeye. Utakalosema sasa, atakuwa amelisema Maduhu.

Nilitaka kuwaambia hapana, ni sabuni na uroho wangu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Wakaniingiza ndani. Mtoto amelazwa juu ya ngozi ya ng'ombe, kifua kinakwenda mbio, hatoi sauti. Mama yake, Kwandu, binti mdogo tu, amemshika mguu. Huyo ndiye hakupiga magoti. Aliniangalia usoni, si mkononi. Nikakigeuza kiganja cha mtoto. Cheupe. Cheupe kama unga wa muhogo.

Basi nikadanganya. Nikanyoosha mkono juu ya kile kichwa kidogo na kusema, kwa sauti nene ambayo sijui niliitoa wapi, mtoto apelekwe hospitali sasa hivi. Milembe akauliza kwa Kisukuma, Kristofa akatafsiri: anayesema ni babu? Nikasema ni babu.

Sijawahi kuona watu wanatii namna ile. Mmoja kakimbilia pikipiki, mwingine kaleta blanketi, mama na mtoto wakapakiwa katikati, wakaondoka. Manesi na mabango yao hawakuwahi kulipata itikio hilo pale. Nimelipata mimi, kwa kipande cha fedha kilichonishinda kuvua.

Njiani nilijisikia vizuri. Naandika na hilo. Nilijisikia mtu mwema.

Jumapili, 9 Machi

Malaria kali, damu imekwisha mwilini. Amewekewa damu. Jenifer ndiye yuko wodini kwao, anasema tuombe.

Nimekwenda kumwona. Milembe kanipigia magoti koridoni, mbele ya watu, na mama mmoja wa jumuiya yetu alikuwa anapita na chupa ya uji. Kesho parokia nzima itajua. Nimemwinua bibi, akakataa kuinuka mpaka nimguse kichwa. Nikamgusa. Ningefanyaje?

Kwandu ameongea na mimi kwa mara ya kwanza. Atapona? Nikasema atapona. Hata sijui ni nani aliyemjibu.

Ngozi chini ya bangili imechubuka, inatoa maji. Jenifer kaiona, akasema, Kwandu akisikia, wiki nzima sasa imekubana, na wewe utalala kitanda cha jirani yake usipojiangalia. Nimesema mtoto kwanza.

Jumatatu, 10 Machi

Maduhu amefariki alfajiri.

Jenifer kanigongea mlango akiwa bado na sare. Alikaa kitandani kwangu, hakuvua viatu. Daktari alisema wangemleta katikati ya wiki huenda angepona. Daktari hakumlaumu mtu. Hajui kitu.

Katikati ya wiki nilikuwa nahesabu madawati.

Jumatano, 12 Machi

Tumemzika jana. Nilitaka kukaa nyuma na wanawake, sikuachiwa. Milembe kanishika mkono wenye bangili, taratibu, kanitembeza hadi nyuma ya nyumba. Babu aonyeshe mjukuu wake alale wapi. Watu wazima wenye majembe wanasubiri kidole changu. Nikanyoosha popote, kando ya zizi. Wakachimba papo hapo, hakuna aliyeuliza.

Hakuna aliyenilaumu hata kidogo. Mzee mmoja kasema babu amempenda, ndiyo maana amemchukua. Nilitamani mtu mmoja tu anitukane.

Sijakwenda kazini leo. Nina homa, vidole vimekuwa vinene, haviwezi kukunjika. Jenifer kaazima msumeno wa chuma kwa fundi bomba. Amesema hatabembelezana tena na mimi: inakatwa leo, au kesho anakata daktari, na daktari hataanza na bangili. Nimekubali. Kusema kweli nimelia, na siyo kwa ajili ya mkono. Nimelia kwa sababu itakuwa vipande viwili. Mtoto wa watu yuko ardhini na mimi namlilia Kaiza asiye na pua. Ndivyo nilivyo, basi.

Picha iko hapa mezani. Yule bwana hacheki.

Jenifer alikuwa amenifunga kitambaa chini ya bangili, ameshika msumeno, geti likagongwa. Kanichungulilia dirishani. Ni Kwandu. Yuko peke yake, ametembea, miguu ni tope tupu. Hajaja na Milembe wala na Kristofa.

Nikamwambia Jenifer aseme ninaumwa.

Ametoka, wameongea kupitia mwanya wa geti, amerudi. Hakukaa. Anasema Kwandu hana neno na mimi, wala hajui jina langu. Amekuja kumuuliza babu kitu kimoja, akijibiwa ataondoka. Siku ile ya Jumanne, shangazi alipokuja hapa, babu alikuwa ameshakaa mkononi. Mbona hakusema?

Jenifer naye ananiangalia anisikie. Msumeno bado kaushika. Anauliza aanze na mkono, au akafungue geti.

Nimemwambia asubiri kidogo, kwanza naandika.