Madumu Yako ya Asali Mpakani Sirari

Baba Esta mpendwa,

Bwana asifiwe. Hujambo? Goti bado linakusumbua? Sisi huku Itiryo tu wazima, na mwalimu wetu Esta ananinenepesha kwa ugali wa ulezi.

Jana jirani yake, Mama Gati, alinipeleka Sirari nivushe asali yako kwa yule mnunuzi wa Isebania, upande wa Kenya. Chupa za chai za Mama Gati zikatozwa ushuru, akawaka: "Lakini nimenunua hapa hapa Tarime!"

"Mama, siulizi ulinunua wapi," afisa akamjibu. "Zimetengenezwa ng'ambo ya bahari. Msamaha ni wa vitu vya kwetu Afrika Mashariki, wakulima na viwanda vyetu wapate soko. Tukilegeza, vya mbali vitapitia mlango huo huo."

Mimi nikapewa fomu ya kuonyesha asali imetoka wapi. Penye mzalishaji nikaandika: nyuki wa Mungu. Afisa alicheka mpaka akavua miwani. "Nyuki hawasaini, mama. Mizinga ya nani?"

Nikaandika jina lako, wewe unayejifungia ndani nyuki mmoja akipita! Nikasaini kwamba nasema kweli. Asali ikapita bila ushuru, na mnunuzi anataka nyingine kila mwezi.

Ila leo kwenye sala moyo umenisuta. Mizinga yako mitatu imejazaje madumu manne ya lita ishirini? Au uliongezea ya rafiki yako dereva, anayoitoa Zambia, ambako si Jumuiya yetu?

Nakupenda vyovyote, Mungu akutunze. Tafadhali nijibu upesi, kabla sijasaini tena.

Mama Esta