Anayechomoa Matambara Bandani

Roseau, 20 Oktoba

Mpenzi mwanangu Marit,

Hujambo? Mimi sijambo, goti linalalamika lakini nalinyamazisha kwa kazi. Mumeo na mjukuu wangu Nels wazima?

Marehemu baba yako angefufuka leo aone nilivyoliziba banda la kuku! Kila ufa nimeushindilia matambara, matundu yote chini ya paa nimeyafunga, maranda ndani yanafika magotini. Hata mbu hapiti. Kuku waliotwaa utepe wa bluu wa ushindi kwenye maonyesho ya kaunti hawalali kama kuku wa watu.

Tulikubaliana: wakivuka baridi salama, nabaki kwangu. Wakifa, nahamia kwako Minneapolis. Basi kitanda ulichonitandikia mpe mgeni mwingine.

Jirani yetu Elroy kapita, kaegemea ua. "Alma, unawafuga au unawatia kwenye kopo?"

"Kopo langu lina utepe, Elroy. Lako lina nini?"

Kaondoka. Wivu tu huo.

Mama yako

Minneapolis, 29 Oktoba

Mama yangu,

Shikamoo. Sisi wazima, Nels kaota jino.

Hongera kwa banda. Ila matundu ya juu yaache wazi, mama. Kuku wanapumua usiku kucha. Unyevu ukikosa pa kutokea, unaganda kwenye vilemba vyao vya kichwani. Baridi kavu wanaiweza, unyevu ndio unaowaua. Baba hakuyaziba kamwe. Usinikasirikie.

Mwanao

Roseau, 18 Novemba

Marit mwanangu,

Mimi mzima, nyie je? Chuo umesoma wewe, lakini kuku ni wangu. Nani anafungua dirisha kwenye baridi hii?

Sasa sikiliza. Kuna mtu anaingia uani kwangu. Kila nikiziba, asubuhi nakuta matambara chini, yamekunjwa vizuri kabisa, kama ananicheka. Nyayo kwenye theluji zinakwenda moja kwa moja kwa Elroy. Nikawaza: mjane akihama, shamba lake nani atalinunua? Si yule anayepakana nalo? Anataka kuku wangu wagande, nifungashe.

Nilimkabili dukani mbele ya watu. "Ulikuwa bandani kwangu!" Akavua kofia, akatazama viatu. "Alma, siwezi kusema."

Eti hawezi kusema! Nimemwambia asikanyage kwangu, hata theluji ya njia yangu anayonizolea kila mwaka asiiguse. Na leo nimepigilia mbao juu ya matundu, kwa misumari mirefu. Aje achomoe basi.

Na wewe tangu barua ile mbona kimya? Au kuna jambo unalijua?

Mama yako

Minneapolis, 24 Novemba

Mama,

Shikamoo. Barua yako imenikalisha chini.

Elroy nilimtuma mimi. Nilimpigia simu, nikamwapisha asikuambie, maana ungejua ni mimi ungeziba mara mbili.

Unamshuku mtu anayetaka uhame. Mama, anayetaka uhame ni mimi. Ningenyamaza tu, kuku wangekufa, na Krismasi ungekuwa hapa unamlea Nels. Nilishika simu, nikairudisha, nikaishika tena. Ndipo nikampigia.

Redio inasema baridi kali inakuja. Ng'oa mbao, nakusihi.

Mwanao

Minneapolis, 8 Desemba

Mama, hujambo kweli? Barua hujibu, simu hupokei. Elroy anasema moshi anauona kwenye bomba lako, lakini kubisha hathubutu. Andika hata neno moja.

Mwanao

Roseau, 14 Desemba

Marit,

Mimi mzima. Tuanzie hapo.

Barua yako ilinichoma, nikaiweka chini ya birika. Kunisema kwa jirani nyuma ya mgongo wangu! Nikaapa mbao sizigusi. Kisha baridi ikashuka, nikaenda kuwatazama tu. Ukuta wa ndani unametameta barafu kama sukari, harufu ya kinyesi inatoa machozi, jogoo wangu kilemba chake kimeganda, kimeingia weusi nchani.

Nikavuta misumari. Nilikuwa nimeipigilia vizuri mno, haikutoka. Nikavuka hadi kwa Elroy, nikabisha. "Lete nyundo yako," nikamwambia, "yangu imechoka." Akavaa buti.

Kuku wote hai. Jogoo, ukiulizwa, alizaliwa hivyo.

Wewe na simu zako bado nakutazama kwa jicho la pembeni. Sihami. Ila njooni Krismasi, nitawaokea mkate wa viazi. Mtaona na matundu mawili mapya chini ya paa: nimeyatoboa mwenyewe, makubwa kuliko ya baba yako.

Mama yako