Jiwe la Dhieu

Kakuma, 8 Januari 2024

Dada yangu Nakiru,

Ejok? Habari ya Lodwar, habari ya wajukuu, habari ya magoti yako? Sisi huku Mungu anatushika, ni joto tu na vumbi.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nitalia na salio litaisha. Kuna maneno yametoka Lokichoggio. Wanasema mwanangu Dhieu, aliyevuka mpaka kwenda Sudani kumtafuta mjomba wake, alikufa kwa homa njiani. Anayesema amesikia kwa mwingine, na huyo mwingine hajulikani. Shemeji zangu wanataka tukae matanga. Nimekataa. Nitamliliaje mtu ambaye hakuna jicho lililomwona akizikwa?

Lakini majirani wameshabadilika. Juzi kwenye bomba la maji waliniita "Adau." Miaka yote hii mimi ni Mama Dhieu! Sasa wanaliruka jina la mtoto kama shimo.

Unakumbuka ulipokuwa ukiniuzia kuni, ulinisimulia ule mlima wenu wenye sanamu ya Yesu, kwamba juu mtu anaona mbali mpaka macho yachoke? Nataka kupanda. Nisimame niangalie upande aliokwenda, nimwulize Mungu. Hapa kambini macho yangu yanaishia kwenye mabati.

Dada yako,
Adau


Lodwar, 15 Januari 2024

Mama Dhieu (na nitakuita hivyo hivyo),

Ejok-noi. Magoti yanakusalimu, yanalia kama mlango wa kanisa. Omba ruhusa ya kutoka kambini, uje ulale kwangu. Tutapanda alfajiri kabla mawe hayajashika moto. Vaa viatu vya kufunga. Na wewe ulivyo mrefu kama mnara wa simu, upepo wa juu utakuyumbisha, itabidi unishike mimi mfupi.

Nikwambie ukweli mapema: Kakuma haionekani, na Sudani ndiyo kabisa. Utaona mto Turkwel na mikoma yake, mji wote, na barabara ya kwenu ikipotea.

Tena kuna jambo. Sisi hatupiti kaburi la mtu bila kuongeza jiwe. Mwanangu Ekidor alipouawa na wezi wa ng'ombe, mwili hatukuupata. Nikapanda huko juu, magoti yakiwa bado yangu, nikamwekea mawe yake. Tangu hapo nikawa na mahali pa kumwambia mambo. Chukua jiwe moja uani kwako. Moyo ukikataa, utarudi nalo.

Dada yako,
Nakiru


Kakuma, 6 Februari 2024

Dada Nakiru,

Nimefika salama, asifiwe Bwana. Magoti yamepoa?

Ulinisindikiza mpaka nusu, ukakaa kwenye mwamba ukasema, "Nenda, mimi naomba nikiwa nimekaa, Mungu husikia hata waliokaa." Niliposhuka ulinipa maji tu, hukuuliza kitu. Asante. Sasa nakuambia.

Upepo ulinipiga kweli. Niliona mto, kijani katikati ya nchi iliyokauka, na mbuzi kama punje za mtama. Mawe ya Ekidor niliyakuta pale uliposema. Nikainama niliweke la Dhieu, mkono ukakataa kufunguka. Kule chini lori lilikuwa likija kutoka upande wetu, dogo, linavuta vumbi. Nikawaza: kama yumo? Kama anashuka leo mjini, na mama yake yuko huku juu anamzika? Nikangoja mpaka likaingia mjini. Likaja lingine. Ndiyo maana nilichelewa.

Jiwe liko hapa kando ya mtungi. Umekasirika?

Dada yako,
Adau


Lodwar, 14 Februari 2024

Mama Dhieu, amani.

Nikasirike nini? Jiwe halina haraka. Mimi nilimngoja Ekidor mpaka ndama wake wakazaa.

Dada yako,
Nakiru


Kakuma, 20 Mei 2024

Dada,

Leo sina nguvu ya kukujulia hali, unisamehe.

Gai amefika, yule mtoto wa jirani yangu Akon, aliyesafiri na Dhieu. Aliketi mlangoni, chai ikampoa mkononi. Akasema, "Mama, kaburi nilimchimbia mimi mwenyewe." Anasema Dhieu aliomba maji, kisha akauliza kama paa letu limeshazibwa. Aliniahidi kuliziba akirudi. Hilo paa nani mwingine analijua?

Nimenyoa nywele. Tuko matanga, siwezi kutoka. Jiwe nimempa Aukot dereva, limefungwa kwenye kitambaa changu cha kanisani. Mtume mwanao Aregae alipandishe, yeye ana magoti.

Adau


Lodwar, 29 Mei 2024

Mama Dhieu,

Pole, dada yangu. Pole tena. Mungu akushike pale mimi sifiki.

Jiwe lilipofika Aregae alianza kuvaa viatu. Nikamwambia, "Keti. Mtoto hulazwa na mama."

Nimepanda mwenyewe. Pengine kwa miguu, pengine kwa makalio, nikafika jua likiwa utosini. Wasichana wa shule waliokuwa wakishuka walinicheka: "Nyanya, umesahau nini huko juu?" Pumzi yangu ilikuwa ya kupanda tu.

Nimemweka karibu na Ekidor, wasiwe wapweke. Nikanyunyiza tumbaku kidogo kama wazee wetu, padri asisikie, kisha nikasema Baba Yetu. Mungu atachagua. Halafu nikakaa nikayaangalia malori kwa niaba yako, moja moja, mpaka barabara ikanyamaza.

Nilipokuwa nikishuka niliwakuta wale wasichana kwenye mwamba wetu wa nusu, wananingoja, wameingiwa na huruma. Mmoja akauliza nilikwenda kufanya nini. Nikasema, "Kumlaza Dhieu, mtoto wa dada yangu." Nililisema jina kwa sauti. Hao majirani zako waambie.

Wakatazamana. Kisha kila mmoja akaokota jiwe, wakageuka, wakapanda tena.

Dada yako,
Nakiru