Chumba cha Milango Miwili

Jumatatu, 3 Juni

Uyole. Baridi. Nimekohoa mara mbili mlangoni, nikasubiri, nikapita. Mkwe wangu, Tusekile, alikwishajificha chumbani. Miaka miwili chini ya paa moja na uso wake siujui vizuri. Kwao Unyakyusani mke wa mwana hakutani na baba mkwe. Sisi Wahehe tuna miiko yetu. Huu nimejifunza ugenini.

Nimerudi kwenye hadithi yangu ya anga. Nimefuta ile mashine ya kumyeyusha mtu hapa na kumwibusha kule. Ilikuwa uvivu. Bila hiyo, chombo kikubwa kinazunguka sayari juu kwa juu, na watu wanashuka kwa kichombo. Kwa hiyo mafuta. Rubani. Kusubiri. Chombo kikubwa chenyewe hakitatua kamwe. Miaka arobaini tangu nihame Iringa. Hali hiyo naijua.

Jumatano, 5 Juni

Tatizo la mlango. Ukiufungua angani, hewa yote inatoka. Basi kuwe na chumba kidogo katikati, chenye milango miwili isiyofunguka pamoja. Ingia, funga, ngoja hewa ilingane, fungua. Nimekadiria robo saa. Lakini nina mgonjwa kwenye kichombo, anavuja damu, na daktari yuko ng'ambo ya milango, kwenye chombo kikubwa. Robo saa itamuua. Sijapata jibu.

Mwanangu Festo kapiga simu kutoka Makongolosi, kwenye dhahabu. Mkewe bado wiki tatu ajifungue. Mama yake Tusekile atafika Jumapili. Naziogopa siku hizi nne. Niko peke yangu naye, na ni mimi nisiyeruhusiwa kumkaribia.

Ijumaa, 7 Juni

Niandike kwa mpangilio.

Saa nne asubuhi nilikohoa mlangoni. Kimya. Sikusikia miguu ikiondoka. Nikakohoa tena. Nikadhani anamalizia kazi, nikasimama nje, mjinga mwenye adabu. Robo saa nzima. Kisha nikasikia mtu anaguna. Nikaita.

"Baba, msiingie." Sauti ilitoka sakafuni.

Niliingia kinyumenyume. Nikanyoosha mkongojo nyuma yangu. Akashika ncha ya pili, akainuka. Sakafuni damu.

Kwenye bajaji ya kwenda hospitali yeye nyuma, khanga usoni. Mimi mbele, nimebanana na dereva.

"Mzee, si ugeuke umwone?"

"Muulize wewe anaendeleaje."

"Dada, baba mkwe anauliza hali."

"Mwambie baba hali nitajua nikifika. Wewe endesha!"

Dereva alicheka. Mimi sikuweza.

Wamempeleka ndani. Mlango umefungwa.

Jumamosi, 8 Juni

Benchi la hospitali. Wamempasua asubuhi. Mtoto anapumua, wa kike. Mama bado hajaamka. Festo yuko njiani.

Robo saa ile ni yangu. Hakuna wa kumlaumu.

Jumapili, 9 Juni

Tusekile kaamka. Mama yake kafika, yuko naye. Nimekaa nje nikalia, kisha nikanywa chai.

Jibu la hadithi nimelipata, kwa kuchelewa. Milango ibaki ilivyo. Daktari ndiye aliyekosea mahali pa kusubiri. Angeingia chumba cha katikati mapema, akajifungia, akakaa humo kabla hajaitwa.

Nimemwomba Festo asirudi machimboni kabla hatujapata mtu wa kukaa nyumbani nasi. Amekubali.

Alhamisi, 13 Juni

Wako nyumbani. Jua kidogo leo.

Nimekohoa mara mbili, nikasubiri. Miguu ilikuja polepole, ikaishia nyuma ya pazia. Ikatokea mikono miwili na bunda la khanga.

"Baba, mpokeeni mjukuu wenu."

Nimempokea. Uso wa mama sikuuona. Wa mtoto nimeuona wote, paji la uso la watu wa Iringa.

Mtoto akakohoa kidogo. Nyuma ya pazia mama yake akacheka.