Faraji, ndege yako si feki

"Feki ni feki, Mama Zakia, hata ukiivisha kanzu."

Hayo ni maneno ya jirani yetu Rubeni, fundi cherehani, asubuhi ya Alhamisi iliyopita. Yeye upande wake wa ua, mimi upande wangu na kikombe cha chai mkononi, na waliokuwa wakienda sokoni wamesimama kusikiliza. Jumapili hii mwaka unatimia tangu ututoke, Faraji, na mtaa bado unabishana juu ya mdoli wako. Ungekuwepo ungecheka. Mimi sikucheka.

Tunakukumbuka ulivyokuwa. Viatu vya mitumba ndivyo vilivyotulisha, lakini moyo wako ulikuwa kwenye roboti za kugeuka: gari ukilikunjua linasimama kwa miguu, ndege inatoa mikono. Ukishuka Mombo kutoka huku kwetu Lushoto, belo la midoli ya mitumba likifunguliwa, ulikuwa unainama mpaka chini kabisa kutafuta ngumi ndogo iliyochomoka, maana ulisema roboti isiyo na ngumi ni nusu roboti. Uliziita vinyonga. Mama yako, Bi Fatuma, aliposikia una vinyonga arobaini chumbani, hakukanyaga kwetu mwezi mzima. Sisi Wasambaa tunavyomwogopa mdudu yule, nani angemlaumu?

Na ulivyopenda kusimulia! Mteja bado anajaribu kiatu kimoja, wewe umeshamfikisha Japani. Huko ndiko zilikoanzia, nzito, nyingine zina chuma ndani. Mwaka 1984 Wamarekani wakazichukua, wakazipa majina na hadithi, watoto wakazililia. Wa kuiga nao wakaingia kazini, ndipo mwaka uliofuata zikaanza kubandikwa stika ndogo nyeusi: ukiisugua kwa kidole, joto linaitoa sura ya roboti, ikipoa, sura inajificha. Ulitufundisha kuangalia mwaka uliochapwa mguuni, tusipake rangi upya, tusitupe boksi wala karatasi ya maelekezo. Mimi boksi moja nilitilia vitunguu. Ukaninunia siku mbili, ya tatu ukaleta wageni wanane kula bila kuniambia. Tukawa tumemalizana.

Kilichokuumiza, wengi wanakijua. Mlibadilishana na Rubeni, rafiki yako tangu shule ya msingi: yeye akakupa gari lake la chuma la Kijapani, wewe ukampa ndege uliyoipata kwa Juma, muuza mabelo wa Mombo. Ilikuwa Julai ya mwaka jana, ukungu umelala mpaka saa sita. Rubeni akasugua ile stika asubuhi nzima, sura haikutoka. Akakuita mwizi katikati ya soko. Ukataka kumrudishia gari lake, akakataa. Alitaka ukiri kwamba ulijua. Ukasema hutakiri kosa ambalo hukulifanya, na nyumbani hukumsema vibaya hata siku moja. Wiki chache baadaye ukaondoka, hamjasalimiana. Siku ya tatu ya msiba Rubeni aliweka ndege kwenye ngazi yetu, akageuka akaenda zake.

Nikajiapiza kwamba mwaka hautaisha jina lako likiwa hivyo. Ndugu waliniambia niyaache yapite. Sikuyaacha. Mwezi uliopita niliitia ndege kwenye mkoba nikashuka hadi kwa Juma kwenye joto la Mombo, jasho linanitiririka. Akaisugua mara mbili tu, sura hiyo, nyekundu, na macho yake. Akaniambia wewe nawe uliisugua pale pale kabla ya kuinunua. Nikapanda gari kurudi, njia nzima naisugua. Tulipofika Soni, katikati ya mlima, sura ilikuja kwa shida. Lushoto, kwa vidole vyangu vilivyoganda, haikuja kabisa.

Ndipo nikaelewa. Hukumdanganya mtu, Faraji. Ni baridi yetu tu.

Kwa hiyo Alhamisi, Rubeni aliposema maneno yale ya kanzu, sikubishana naye zaidi. Nilimpitishia kikombe juu ya ua. "Pasha kidole kwanza, Baba Anord," nikamwambia, "halafu usugue mwenyewe."

Alikishika kikombe kwa mikono miwili, huku ananitazama kama aliyekutana na kichaa. Kisha akaichukua ndege mkononi mwangu, akasugua. Sura ikatoka chini ya kidole chake mwenyewe. Wale wa sokoni, waliokuwa na maneno mengi, wakaanza kuangalia vikapu vyao.

"Nilimwita mwenzangu mwizi mbele ya watu," akasema taratibu. Akanirudishia ndege, akanirudishia kikombe, akaingia ndani. Tangu siku hiyo cherehani yake haijasikika, na akienda dukani anazunguka njia ya chini asipite mlangoni kwetu.

Uliitwa mwizi hadharani, basi na tunalosema tunalisema hadharani: Faraji Shechambo hakumdanganya mtu, na ndege ile ni yenyewe. Roboti zako haziuzwi, hata moja. Kuna mtu wa Dar amepiga simu mara nne, na mara nne tumemjibu hivyo hivyo. Anayetaka kuziona aje, aketi, azikunje na kuzikunjua, ila ngumi zibaki.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Rukia, wanao Zakia na Nassoro, mama yako Bi Fatuma, dada yako Nasra, na wote waliowahi kula kwetu bila taarifa. Hutatutoka moyoni siku zote za maisha yetu.

Dua itasomwa nyumbani Jumapili baada ya adhuhuri, na baada ya dua ni chakula.

Baba Anord, hapa nasema na wewe. Najua unasoma, maana karatasi hii nimeibandika mlangoni kwako kwanza kabla ya kuipeleka sokoni. Siku hiyo usizunguke njia ya chini. Pilau tunapika na fungu lako, wala hatukukuhesabu kama mgeni. Pita mlango wa mbele, ingia ndani, ule.