Msumari Nimemtoa Darasa la Tano

3 Aprili
Dada Mwalimu,
Shikamoo, na chaki isikukabe koo. Mimi mzima, nimezidi uzuri; wateja wa kike wananiletea matairi yasiyo na pancha. Sasa usiruke: mdogo wetu Msumari, uliyemleta kwangu likizo, harudi huko kwako. Mimi niliishia la tatu, na karakana nzima inaniita Fundi Mkuu! Keshajua kuziba pancha. Hesabu za nini tena?
Mdogo wako,
Fundi Mkuu

11 Aprili
Mdogo wangu,
Marahaba. Kifua kinanisumbua, lakini nafundisha. Mrudishe mtoto. Darasani kwangu waliogombana nawakalisha dawati moja, hawahami mpaka kila mmoja aeleze kisa cha mwenzake, na mwenzake akubali, "Ndivyo." Msumari alipangwa na mtoto wa dini nyingine. Alikuwa ameanza kuweza. Mtu aliyejifunza hilo haambiwi chukia, akachukia.
Dada yako

29 Mei
Dada,
Shikamoo. Kifua vipi? Wewe nawe kwa kusumbuka! Msumari kapata marafiki watu wazima, watatu. Wanamwita Simba, wanamwonyesha video za vita kwenye simu. Wanasema watu wa dini ya yule mwenzake wa dawati ndio waliotuharibia maisha. Niliitikia tu, ningewajibu nini, nao wanaongea kama redio? Ila juzi nilimtania, hakucheka.
Fundi Mkuu

2 Juni
Mdogo wangu,
Salamu baadaye. Mpandishe basi leo hii. Nitampokea stendi.
Dada yako

20 Julai
Dada,
Shikamoo. Nilinyamaza kwa aibu. Sikumpandisha basi, nilisema nimalizie lori moja kwanza, kesho yake godoro lake tupu, na wale watatu hawaonekani.
Leo Msumari kapiga simu. Kanisalimia vizuri, kisha akauliza watoto wa shuleni kwako siku hizi hukusanyika uwanjani saa ngapi. Nikamwambia, "Na dada je?" Akasema, "Atakuwa amechagua mwenyewe." Sauti yake bado ya kitoto, dada.
Nimekwenda polisi. Shule yako wameshaipigia simu, kesho msifungue. Waliponiuliza ni nani wangu, nilitaka kusema mteja. Nikasema ni mdogo wangu, na mimi ndiye niliyemtoa shule. Nimewapa picha yake, ile kajipaka grisi usoni, anacheka.
Wamesema akikimbia watampiga risasi. Asipokimbia, ana lile bomu wanaloamini kafungwa kiunoni.
Wewe ndiye mwalimu. Niombe nini?
Mdogo wako