Abaayo, Toka Uende Sokoni

Abaayo, dada yangu mpenzi,

Sisi huku Garissa hatujambo, isipokuwa joto, ambalo nasikia siku hizi unalililia. Sahra ameniandikia. Usimkasirikie mwanao, maana ndiye anayekusomea barua hii na kukugeuzia Kisomali pale Kiswahili changu cha Moshi kinapokushinda. Anasema tangu mfike kwenye huo mji wa barafu, miezi saba sasa, hujaingia dukani hata mara moja. Akitoka kazini ndiye anayepitia unga, mboga na chumvi. Wewe unakaa dirishani umevaa koti juu ya gauni lako la dirac, na akikuambia mtoke wote unamjibu kwamba huko wewe ni mjinga, na mjinga akae ndani.

Nimeisoma sentensi hiyo mara tatu. Wewe, ambaye ulikuwa ukikohoa tu wanunuzi wanajipanga mbele ya madumu yako ya maziwa? Nilicheka, halafu nikaumia. Unanyong'onyea humo ndani, na mimi sitaki. Kwa hiyo leo nakukumbusha mambo yetu, hata yale ambayo nisingependa mtu ayasikie. Sahra, usiruke hata mstari mmoja.

Unakumbuka nilivyofika, mwanzoni mwa miaka hii ya tisini. Muuguzi wa Kitanzania, kandarasi ya miaka miwili, kikapu cha ukindu mkononi. Nilidhani kwa kuwa Kiswahili nakijua, basi soko nimelimaliza. Siku ya kwanza nilitafuta ndizi mbichi za kupika mtori. Ndizi zilikuwepo, za mashamba ya kando ya Tana, lakini mbivu zote, na mwenye ndizi alinitazama kama mtu aliyeomba kuuziwa mawe. Mchana nikaingia hotelini, nikaletewa wali kwa nyama ya mbuzi na ndizi mbivu pembeni ya sahani. Nikaiweka kando niile mwisho, kama tunda. Mhudumu, ambaye kwao ndizi huliwa pamoja na wali, akaniuliza kwa upole ni nani aliyenifundisha kula.

Kisha nikaja kwako. Nilikusalimia kama tunavyosalimiana kwetu: shikamoo, habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za tangu asubuhi. Ukaniacha nimalize zote.

"Abaayo," ukasema, "wewe nataka maziwa ama nataka habari?"

Nikauliza kama maziwa ni ya leo. Kumbe hilo nalo haliulizwi. Ulimimina kidogo kwenye kifuniko, ukanywa wewe kwanza huku umenikazia macho, halafu ukanipa mimi. Maziwa ya ngamia, yananukia moshi, yana chumvi kwa mbali. Uso wangu ulijikunja wenyewe, na safu nzima ya wauza maziwa ikauona.

Sasa nikuambie kitu ambacho sijawahi kukuambia. Wiki ya tatu niliandika barua ya kuomba nirudishwe nyumbani. Si joto lililonishinda, wala vumbi. Ni soko. Kliniki nilikuwa mtu mzima, nikishika sindano watu wananitii. Sokoni nilikuwa mtoto. Nikawa naishi kwa biskuti na chai kwa sababu zilikuwa kwenye duka moja ambalo mwenyewe hakuwa na maneno mengi. Nilikonda mpaka sketi zikawa zinanizunguka kiunoni. Ile barua ilikaa ndani ya mkoba wangu, na kila asubuhi nilijiambia leo naipeleka.

Siku moja nilikuwa napita nikijifanya sikuoni. Ukaniita, ukasema nimekuwa kama fimbo. Sikuwa na chupa, basi ukanitilia maziwa kwenye chombo chako mwenyewe, kile kilichosukwa kwa mizizi na kufungwa mikanda ya ngozi, ambacho mama yako alikupa ulipoolewa. "Beleka nyumbani, kunywa, rudisha," ukasema, ukageukia mteja mwingine.

Kama ningekudharau ningekirudisha vilevile. Tatizo ni kwamba nilikuheshimu. Niliponywa yale maziwa, nikiwa nimeziba pua, nilichungulia ndani nikaona weusi wa masizi umeganda kwenye kuta zote. Mimi, muuguzi niliyefundishwa kwamba uchafu ni ugonjwa, nikasema hapana, huyu mama amenitendea wema, nami nitamtendea. Nikachemsha maji. Nikatia sabuni ya unga, nikasugua kwa stiliwaya mpaka vidole vikauma, nikasuuza mara nne, nikakianika juani siku mbili. Nikakifunga kwenye kanga yangu mpya, nikakuletea kama mtu anayepeleka zawadi ya harusi.

Ulifungua kifuniko, ukanusa. Ukanusa tena. Ukakaa chini polepole juu ya dumu.

"Abaayo, wewe naosha na nini?"

Nikakutajia, tena kwa fahari. Hapo ndipo uliponieleza kwamba weusi ule ndio unaotunza maziwa yasiharibike na kuyapa ladha, na kwamba mama yako alikuwa akikifukiza chombo hicho kwa vijinga vya moto tangu wewe hujazaliwa.

"Mama yangu nakufa," ukasema, "lakini mkono yake ilikuwa hapa ndani. Sasa hapa ndani iko sabuni."

Hukupiga kelele. Afadhali ungepiga. Nilitoka pale moja kwa moja mpaka ofisini na barua yangu mkononi. Nikaambiwa msimamizi amekwenda kwenye kambi ya wakimbizi ya Ifo, atarudi baada ya siku mbili. Hicho tu ndicho kilichonizuia. Ushujaa sikuwa nao hata chembe.

Kesho yake saa nane mchana, soko limepoa na watu wamejilaza, nikasikia hodi. Ni wewe, chombo kwapani, kopo la makaa mkono mmoja na kifurushi cha vijiti mkono wa pili. Nilijua umekuja kuniambia nikatafute kingine kama hicho, ambacho hakipo.

"Kaa chini," ukasema. "Wewe naharibu, wewe natengeneza."

Ukanionyesha: kijiti kiwake, mwali uzimwe, kibaki chekundu. Kiingizwe ndani, kifuniko kibanwe, chombo kizungushwe ili moshi ufike kila pembe. Ukungute majivu, ufute, uanze tena. Nilikohoa, macho yakanichuruzika kwa moshi, na machozi mengine yakapata pa kujificha. Wewe ulijinyoosha kwenye mkeka wangu ukawa unatoa amri. Ukaja tena kesho, na keshokutwa. Msimamizi akarudi kutoka Ifo, na mimi mikono yangu ni myeusi mpaka viwikoni, sina nafasi ya kwenda ofisini.

Kila baada ya siku chache tulikuwa tukitia maziwa na kuonja. "Bado, sabuni iko." Tunaanza upya. "Bado kidogo." Katikati ya hizo bado, nikagundua kwamba sizibi pua tena. Siku uliyosema "Haye," yaani sawa, ulininyima hata tabasamu, lakini ulinishika mkono ukanizungusha soko zima. Kwa mwenye nyama, kwa mwenye nyanya, kwa wale wanaopima mchele kwa gorogoro, kila tuliposimama ulitangaza: "Huyu abaayo yangu. Yeye naosha chombo ya mama yangu na sabuni." Watu walishika mbavu. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ila tangu siku ile sikuuziwa tena nyanya zilizopondeka. Mwenye nyama alianza kuniwekea ini. Mama mmoja akanifundisha kukaanga nyirinyiri, nyama ya ngamia inayokaa miezi ndani ya samli, na alianza somo kwa kuniuliza kama nyumbani nina sabuni. Kosa langu liliwapa pa kunianzia. Barua niliichana, na kandarasi ya miaka miwili sasa imeingia mwaka wa sita.

Mahali pako anakaa mwanamke mwingine. Ni mwema, maziwa yake mazuri, lakini hanitukani, na kuna asubuhi ninarudi nyumbani bila kununua chochote kwa sababu ya hilo tu. Nakukumbuka sana, abaayo. Wiki jana alikuja mwalimu mgeni kutoka Kisii, kasimama na mfuko wake mtupu katikati ya soko hajui aanzie wapi. Mwenye nyama akaita, "Abaayo, njoo chukua mgeni!" Niligeuka kutazama anamwita nani. Alikuwa ananiita mimi.

Najua unachoogopa. Utashika pakiti usiyoweza kuisoma. Utamsalimu mtu asiyesalimiwa. Utauliza lisiloulizwa, na duka zima litakuona. Ndiyo, litakuona. Sahra, kesho usimsindikize. Mvalishe soksi mbili, mfungulie mlango, wewe ubaki ndani, hata akikuapia kwa Mwenyezi Mungu.

Na wewe, nenda ukakosee. Katika mji huo kuna mwanamke, sijui anauza au yuko kwenye foleni, anayeweza kukupenda kama ulivyonipenda mimi. Lakini hawezi kukusamehe, abaayo, kwa sababu bado hujatoka ukamharibia kitu.

Akulinde Mungu tunayemwomba kila mtu kwa namna yake.

Ni mimi, dada yako uliyempata sokoni.